Judo, Karate au Ndondi: Upi Wamfaa Kijana Wako?

Mzazi anayeombwa na mwanawe ruhusa ya kujiunga na klabu ya karate au judo hana budi kujiuliza: je, kijana huyu atajifunza kujihami kweli, au atajifunza kurusha mateke hewani na kurudi nyumbani na kiburi kitakachomponza njiani? Swali hili ni la haki. Jibu lake halimo katika jina la mchezo wala katika rangi ya mkanda, bali limo katika namna mazoezi yenyewe yanavyoendeshwa.

Mazoezi ya namna mbili

Takriban kila mchezo wa kujihami una mazoezi ya namna mbili. Ya kwanza Wajapani huyaita kata: mwanafunzi hufuata mfululizo wa miondoko iliyopangwa tangu zamani, hatua kwa hatua, pasipo kubadili kitu. Ya pili ni kupambana na mwenzake asiyekubali kushindwa. Katika judo pambano hilo la mazoezi huitwa randori, na katika karate huitwa kumite.

Jigoro Kano, mwalimu wa Kijapani aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alilipima sana jambo hili. Mbinu nyingi za jujutsu ya kale zilikuwa za hatari mno; hakuna awezaye kumvunja mwenzake kiwiko kila jioni kisha wakutane tena kesho yake. Kano aliziweka mbinu hizo katika kata. Katika randori alibakiza kuangusha, kukandamiza, kukaba shingo, na kubana viungo, na anayezidiwa hupigapiga kwa mkono ili aachiwe. Hivyo wanafunzi wake waliweza kujaribu mbinu chache kwa nguvu zao zote, siku baada ya siku. Aghalabu mbinu hafifu iliyojaribiwa mara elfu humfaa mtu kuliko mbinu ya kuua ambayo hajapata kuitumia.

Karate ilishika njia nyingine. Gichin Funakoshi, aliyeitoa Okinawa na kuionyesha Tokyo mwaka 1922, alisisitiza kata na hakupendelea mashindano. Lakini mtindo wa Kyokushin, ulioanzishwa na Masutatsu Oyama, huwapambanisha wanafunzi kwa mapigo kamili. Basi watu wawili waweza kusema kwamba wamesoma karate, na kumbe mmoja hajapigwa ngumi hata moja.

Yaliyoonekana ulingoni

Tarehe 26 Juni 1976, bingwa wa ndondi Muhammad Ali alipambana mjini Tokyo na mwanamieleka Antonio Inoki. Kwa sehemu kubwa ya raundi 15 Inoki alilala sakafuni akimpiga Ali mateke ya miguuni. Watazamaji walichukizwa, matokeo yakawa sare, na Ali akaondoka na miguu iliyojeruhiwa. Ngumi zilizowashinda mabingwa wa dunia hazikupata shabaha.

Mwezi Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, watu wa mitindo mbalimbali walipambanishwa kwa sheria chache. Mshindi alikuwa Royce Gracie wa Brazili, mtu mwembamba, aliyewashinda wapinzani watatu usiku mmoja kwa kuwaangusha na kuwabana. Ujuzi wa ukoo wake ulitokana na Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa judo ya Kano aliyehamia Brazili. Tangu hapo wapigaji wa ngumi na mateke wamejifunza kuzuia kuangushwa, na ubora huo wa mieleka umepungua.

Yafaa ieleweke pia kwamba kila sheria ya mashindano huacha pengo. Katika mashindano ya taekwondo ngumi ya kichwani hairuhusiwi, basi wachezaji wengi hushusha mikono. Mwanandondi hajui la kufanya akishikwa miguu. Mwanajudo hakuzoea kukwepa ngumi.

Je, kata ni bure?

La hasha. Gwaride halimfundishi askari vita, lakini humjengea utii, mwili uliosimama sawasawa na kumbukumbu. Kata hufanya vivyo hivyo, na kwa mtoto mdogo au mtu mzima asiyetaka kupigwa, hayo ni mapato makubwa. Kosa ni kumwambia kijana kwamba hayo peke yake yatamwokoa mbele ya kibaka.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kabla ya kulipa ada nenda ukatazame mazoezi. Je, wanafunzi hupambana, japo kwa kiasi? Je, anayesalimu amri huachiwa mara moja? Je, hufundishwa kuanguka bila kuumia? Ujuzi huo wa kuanguka, ambao judo huutanguliza, waweza kumfaa mtu kwenye ngazi yenye utelezi au akidondoka kwenye baiskeli, hata kama hatapigana maisha yake yote. Tena sikiliza mwalimu asemavyo juu ya ugomvi wa barabarani. Mwalimu anayejua kazi yake atamwambia kijana kwamba mbele ya kisu, miguu ya kukimbilia ndiyo kinga ya kwanza.