Mikwaruzo ya Rangi Iachwayo na Vyuma vya Nyongeza

Mkulima wa skimu akinunua pikapu iliyokwisha tumika, mara nyingi huipata ikiwa na vitu ambavyo kiwanda hakikuviweka. Mbele pana bampa la mabomba, ubavuni pana ngazi za kukanyagia, juu ya paa pana keria, na juu ya matairi pana vipande vya plastiki vilivyokazwa kwa skrubu. Mwenye gari wa kwanza alivipenda. Huyu wa pili anataka gari la kubeba viazi, kabichi na mikebe ya maziwa, basi anavifungua, na chini yake anakuta rangi imekwaruzwa, matundu, na pengine kutu. Tena wako wauzaji ambao huvifungua wao kwanza na kuviuza mbali, kisha mnunuzi huachiwa alama tu.

Hapo watu hugawanyika. Wengine husema, "Hili ni gari la kazi, haidhuru," nao huliacha kama lilivyo. Wengine huona haya kwa majirani, wakalipeleka gari zima kupigwa rangi upya, na fedha zilizowekwa kwa mbolea ya msimu huishia hapo. Njia zote mbili ni hasara, maana mikwaruzo si ya namna moja. Mmoja huondoka kwa kitambaa na polishi kabla chai haijapoa. Mwingine, ambao kwa macho hauonekani kuwa mbaya zaidi, utatoboa bodi baada ya misimu michache ya mvua. Kazi ya mkulima ni kujua kuutambua huu wa pili na kuutengeneza huo kwanza.

Jinsi rangi inavyokwaruzwa

Watu wengi hudhani kwamba chuma cha nyongeza hukwaruza rangi siku kinapofungwa au kufunguliwa. Siku hizo hutokea alama chache za spana, ni kweli, lakini madhara makubwa hufanyika polepole. Gari likipita katika barabara ya changarawe hutikisika, na kila kilichokazwa juu ya bodi hutikisika nalo. Vumbi la mchanga huingia katikati ya plastiki na rangi. Basi mchanga ule, ukisukumwa mbele na nyuma kila siku, hufanya kazi ya msasa. Ndiyo sababu chini ya vile vipande vya juu ya matairi huonekana mstari mmoja mrefu uliochimbika kufuata ukingo wa plastiki. Si kovu la kugonga. Isitoshe, pale pale penye mchanga hukaa maji, na matope hayakauki upesi kwa kuwa jua halifiki.

Rangi yenyewe ni nyembamba kuliko watu wanavyofikiri. Matabaka yote ya kiwandani yakiwekwa pamoja, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au kuzidi kidogo. Chini kabisa ni bati la chuma. Juu yake pana rangi ya kwanza, yaani praima, ambayo kazi yake ni kushika chuma na kuzuia kutu. Kisha huja rangi yenyewe, nyeupe au buluu au yoyote ile. Juu kabisa, katika magari mengi, pana tabaka lisilo na rangi, linalong'aa kama kioo. Mafundi huliita klia. Katika magari ya kazi meupe klia pengine haipo, nayo rangi nyeupe hujitegemea.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: mkwaruzo umefika tabaka gani?

Namna ya kuupima

Osha mahali pale kwa maji na sabuni, ukaushe. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, kwa kuukata, si kwa kuufuata. Ukucha usipokwama, mkwaruzo uko juu juu. Kisha upake maji kwa kidole. Alama ikipotea wakati imelowa na kurudi ikikauka, iko ndani ya klia tu. Ukucha ukikwama, tazama rangi iliyo chini. Ukiona kijivu au rangi isiyokuwa ya gari, umeiona praima. Ukiona chuma kinachong'aa, au doa la hudhurungi, mkwaruzo umefika kwenye bati, na huo hauwezi kungoja.

Pana jaribio jingine ambalo mnunuzi angelifanya kabla ya kulipa. Gari lililokwisha tumika huenda limepigwa rangi mara ya pili, na rangi ile ya pili yaweza kuwa hafifu. Mwombe muuzaji ruhusa, utie thina kidogo kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali pasipoonekana, kama vile ndani ya ukingo wa mlango. Rangi ya kiwandani haitoki upesi. Rangi rahisi ya kukauka kwa hewa hulainika, na kitambaa huchafuka mara moja. Gari la namna hii usilisugue kwa nguvu wala usitumie thina kuondoa gundi juu yake.

Jambo hili la gundi linahusu sana vile vizuia mvua vya madirisha na mapambo ya kubandika. Gundi iliyobaki isikwanguliwe kwa kisu. Ipashe moto kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, iviringe kwa kidole gumba, na masalio uyafute kwa mafuta ya taa kidogo, kisha uoshe kwa sabuni. Petroli usiiguse, zaidi ya kuharibu rangi, huwaka moto kwa cheche ndogo.

Mkwaruzo wa juu tu

Huu si wa kulipia fundi. Nunua kopo dogo la kompaundi ya kusugulia na kitambaa laini kisichokuwa na mchanga. Sugua mahali padogo padogo, kivulini, bati likiwa baridi, kisha umalizie kwa polishi. Ikiwa gari ni jeupe lisilo na klia, kitambaa kitageuka cheupe; usiogope, ndivyo ilivyo. Lakini usisugue mpaka alama yote iishe ikiwa ni ndefu. Kila ukisugua unapunguza unene, na rangi iliyobaki nyembamba ni mbaya kuliko mstari unaoonekana kidogo. Gari la viazi si gari la harusi.

Mkwaruzo uliofika kwenye bati

Hapa ndipo fedha zitumike. Kinangop, kwa mfano, iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Pana ukungu, umande na mvua, na bati lililo wazi hulowa karibu kila usiku. Tena gari la mkulima hubeba mbolea. Mbolea ya CAN ni chumvi, nayo huvuta unyevu wa hewani. Chembe zikiingia katika mkwaruzo hufanya maji ya chumvi, na maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko mvua peke yake. Chumvi ya ng'ombe hufanya vile vile. Wenye magari yaliyotumika Uingereza walijua shida hii kabla yetu, kwa sababu kule barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke.

Kazi yenyewe ni hii. Kutu yote iondolewe mpaka chuma king'ae, kwa brashi ya waya na msasa mkavu wa namba 80, halafu 180. Ukingo wa rangi iliyobaki ulainishwe kwa msasa wa namba 320 au 400 mpaka kidole kisihisi ngazi. Ikiwa vishimo vyeusi vimebaki ndani ya chuma, pakwe dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori na ifuatwe maagizo ya kopo. Kisha mahali pafutwe mafuta yote. Polishi ya matairi na mafuta ya mikono humfanya fundi mzuri aonekane mbaya, maana rangi hujikunja na kuacha vijicho. Chuma kikishang'aa kisilale usiku bila praima. Asubuhi utakuta kimegeuka tena.

Praima ikikauka hufuata rangi, tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikingojewa. Kisha klia kama gari lina klia. Baada ya siku kadhaa mahali pasawazishwe kwa msasa wa maji wa namba 1500 au 2000, ndipo pasuguliwe kwa kompaundi. Tabaka moja nene lililopakwa kwa haraka hutiririka, na ndani yake hubaki laini.

Rangi isikisiwe kwa macho. Kila gari lina namba ya rangi katika kibao chake, ama penye nguzo ya mlango, ama ndani ya boneti. Nyeupe moja inayojulikana sana ya Toyota, kwa mfano, ni 040. Mpelekee mchanganyaji namba hiyo, na hata hivyo umwambie alinganishe na gari lenyewe, maana jua hupausha rangi.

Kumpata fundi, na kumwuliza

Mtu atokaye Kinangop huteremka barabara kuu ya Nakuru. Akifika Uthiru akashika Barabara ya Naivasha, hufika Kawangware, Riruta na Kabiria bila kuingia katikati ya jiji la Nairobi. Kwa hiyo aliyepeleka mazao soko la Kawangware aweza kumwona fundi wa jua kali upande huo siku iyo hiyo. Wako wenye mikono mizuri sana. Hata hivyo kazi ya kando ya barabara ina adui zake, yaani vumbi na baridi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti Nairobi hufunikwa na mawingu, na rangi hukawia kukauka. Afadhali rangi inyunyizwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, umande ukiwa umekwisha toka kwenye bati, ndani ya kibanda au nyuma ya turubai, na ardhi imwagiwe maji ili vumbi litulie.

Kabla ya kukubaliana, uliza kwa adabu: "Fundi, hapa utakwangua mpaka chuma, ama utaziba kwa puti?" Puti iliyotiwa juu ya kutu ni kama plasta juu ya kidonda chenye usaha. Huonekana safi kwa miezi kadhaa, halafu hupasuka. Uliza pia atatumia rangi gani, na mwambie ungependa kuona kazi ikiwa imefika kwenye chuma kabla hajapaka praima. Fundi mwema hatakasirika. Asemaye, "Mzee, wewe rudi jioni tu, utapata gari jipya," huyo mwulize mara ya pili.

Rangi zinazochanganywa na dawa ya kugandisha zina mvuke unaodhuru mapafu. Fundi avae kifuniko kifaacho cha pumzi, si leso, na watoto wakae mbali. Vumbi la rangi ya zamani laweza kuwa na risasi, basi msasa usipigwe karibu na mikebe ya maziwa.

Ukitaka kubadilisha rangi ya gari zima, kumbuka kwamba rangi imeandikwa katika hati ya gari, na mabadiliko sharti yapelekwe NTSA. Hilo nalo ni gharama. Kupaka mahali palipoharibika kwa rangi ile ile hakuna shida hiyo.

Matundu

Kwa maoni yangu matundu ni mabaya kuliko mikwaruzo, ingawa watu huyaangalia kidogo. Tundu la skrubu lina ukingo wa chuma kitupu, na maji yaingiayo humo hukaa ndani ya bodi pasipofikiwa na macho. Kwa hiyo kutu huanzia ndani. Ukifungua chuma cha nyongeza, lainisha ukingo wa kila tundu kwa tupa, upake praima na rangi, kisha utie kizibo cha mpira kinachokaza. Tundu kubwa lichomelewe, na ndani yake panyunyizwe nta au mafuta ya kuzuia kutu. Chungulia pia chini ya milango: kuna vijitundu vidogo vya kutolea maji vilivyowekwa na kiwanda. Hivyo visizibwe. Vikiwa vimejaa matope, vifungue kwa kijiti.

Angalia hasa sakafu ya kubebea mizigo. Wengine huitandika bati la alumini lenye madoa ya kuzuia kuteleza, likakazwa kwa riveti. Mizigo huteleza vizuri, lakini chini yake maji ya mbolea hushikwa, na madini mawili tofauti yakigusana katika maji ya chumvi, moja huliwa. Rangi ikiwa nzima si neno. Ikiwa imekwaruzwa, sakafu huoza ungali unaisifu alumini yako. Ningelifungua bati hilo mara moja kabla ya mvua za Machi, nikaona.

Chuma unachotaka kukirudisha, kama keria ya vikapu, kirudishe juu ya kipande cha mpira mzito kilichokatwa kwa kipimo chake, na bolti zake zitiwe grisi. Kikaze tena baada ya juma moja la safari, maana mpira hulala. Kila ukishapakua mbolea au chumvi, mwaga maji mengi chini ya ngazi za pembeni, ndani ya madigadi na katika kona za sakafu, kabla gari halijalala.