Kutoka Reli ya Bububu hadi Nambari 102: Historia ya Njia ya Mangapwani

Mkaazi wa Mangapwani anayerejea kutoka mjini hutazama kwanza nambari iliyoandikwa kwenye gari ya abiria: 102. Kwa mgeni, hiyo ni tarakimu tupu. Kwa aliyechelewa mjini akiwa na mgonjwa au mzigo, ndiyo inayoamua iwapo atalala nyumbani kwake au atabaki njia panda.

Zamani, mlango wa Mangapwani ulikuwa bahari. Baada ya Sultan Barghash bin Said kutia saini mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, biashara hiyo iliendelea kwa siri katika ufukwe huu, mbali na macho ya mji. Chumba cha chini ya ardhi walimofichwa watumwa kingalipo hadi leo.

Safari ya nchi kavu kuelekea kaskazini ilipata sura mpya mwaka 1905, kampuni ya Kimarekani ilipojenga reli kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, masafa ya kiasi cha kilomita 11. Mwaka 1911 Serikali iliinunua. Hata hivyo, treni iliishia Bububu, na wakaazi wa Mangapwani na Bumbwini walibaki na safari iliyosalia. Barabara zilipoimarika na magari kuongezeka, reli ilipoteza abiria, na kufikia mwaka 1930 ilikuwa imekwishafungwa. Tangu hapo, barabara ndiyo iliyobeba jukumu la kuunganisha mji na vijiji vya kaskazini.

Njia za magari zilipokuwa nyingi, zilipewa nambari kwa mpangilio unaoeleweka. Zinazoanzia 100 huelekea kaskazini: 101 Mkokotoni, 102 Bumbwini kwa kupitia Mangapwani, na 116 Nungwi. Zinazoanzia 200 huelekea mashariki, kama 206 ya Chwaka na 214 ya Uroa. Zinazoanzia 300 huelekea kusini, kama 310 ya Makunduchi. Zinazoanzia 500 ni za mjini na viunga vyake, ikiwemo 502 ya Bububu, inayofuata mwelekeo ule ule wa reli ya zamani.

Ni muhimu kufahamu kwamba nambari hizi ni za njia ya gari, si za barabara yenyewe. Gari za 502, 101 na 102 zinaweza kufuatana katika barabara moja kutoka Mtoni, lakini haziwafikishi abiria pamoja. Ya 502 huishia Bububu. Baada ya Chuini njia hugawika: ya Mkokotoni hushika upande wa Mahonda, na ya Bumbwini hushika kushoto kuelekea Mangapwani. Aliyepanda 101 kwa makosa, asiposhuka Chuini, huzidi kwenda mbali na kwake na hulipa nauli mara mbili.

Kwa hiyo, wakaazi wanashauriwa kuwafundisha watoto, wazee na wageni wao mambo mawili: nambari ni 102, na njia panda ni Chuini. Anayemwelekeza mgeni aanze na hayo kabla ya kutaja mti, duka au msikiti, kwani mti hukatwa na duka hufungwa. Vilevile, abiria asisite kumuuliza utingo kabla ya kupanda, hasa jioni. Kuuliza si ujinga.