Maji ya Tabora hayachemki kwa nyuzi 100

Mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Kazeh, ilipo Tabora ya leo. Ili kujua mwinuko wa nchi, wasafiri hao walichemsha maji na kusoma kipimajoto. Kila mita 300 hivi mtu anapopanda, maji huchemka kwa nyuzi 1 pungufu. Ziwa hilo walilikadiria mita zisizofika 600, ilhali liko mita 773. Kwenye kipimajoto, tofauti hiyo haifiki hata nyuzi 1! Mwaka huohuo Speke alifika Ziwa Victoria na kupata futi 3,740, karibu sawa kabisa na vipimo vya leo.

Hesabu hiyo inamhusu pia kijana wa Tabora anayejitengenezea kipimajoto kwa kihisi cha joto na bodi ndogo ya kielektroniki ya Arduino. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hivyo maji yake huchemka karibu na nyuzi 96. Akisawazisha kifaa kwa barafu kuwa 0 na maji yanayochemka kuwa 100, amekipotosha kwa nyuzi 4.

Kihisi chenyewe hakijui joto. Kinachobadilika ni ukinzani wake wa umeme. Cha platini kiitwacho PT100 kina omu 100 kwenye nyuzi 0, omu 137 kwenye nyuzi 96, na 138.5 kwenye nyuzi 100. Ni kitulivu na cha kuaminika, lakini kila nyuzi 1 huongeza omu 0.4 tu. Arduino Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1,024. PT100 ikiunganishwa na kikinza cha omu 100, ngazi moja ni kama nyuzi 1 nzima: kosa la kutosha kuhamisha ziwa kwa mita 300. Ndiyo maana huwekewa saketi ya kukuza ishara.

Thamista, kihisi cha aina nyingine, ni nafuu na ni nyepesi kuhisi. Ile ya omu 10,000 kwenye nyuzi 25 hushuka hadi omu 1,000 hivi au pungufu maji ya Tabora yanapochemka. Mabadiliko hayo bodi huyaona bila msaada, ila hayaendi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo programu lazima ipewe kanuni ya kuyatafsiri.

Kazi ya kifaa hiki ipo palepale mkoani. Katika mabani ya kukaushia tumbaku, majani huanza kugeuka manjano kwenye nyuzi 35 hivi, kisha moto hupandishwa hatua kwa hatua hadi zaidi ya 70 ili vikonyo vikauke. Moto ukizidi mapema, jani huharibika na kuni za miombo zimeteketea bure. Hapo waya hutoka ndani ya bani hadi kwa mlinzi wa moto, na urefu wake una gharama: nusu omu ya waya huidanganya PT100 kwa zaidi ya nyuzi 1, wakati kwa thamista ya omu 10,000 haionekani kabisa. Mwenye bani na fedha kidogo achague thamista.