Duka la Mtandaoni Linapohamia Hifadhidata

Duka la mtandaoni ambalo kila bidhaa ina ukurasa ulioandikwa kwa mkono huelemea mwenyewe bidhaa zifikapo mamia. Hifadhidata huondoa adha hiyo, ila huzaa hatari nyingine. Google huorodhesha anwani ya kila ukurasa, na viungo vya tovuti nyingine huielekea anwani iyo hiyo. Anwani “viatu.html” ikigeuzwa “bidhaa.php?id=27” pasi na taarifa, sifa iliyokusanywa kwa miaka hupotea. Heri seva ya Apache iagizwe kuitikia anwani ya zamani huku ikichota habari katika hifadhidata. Hilo lisipowezekana, kila anwani kuukuu ielekezwe kwa mrithi wake kwa msimbo 301, ishara ya uhamisho wa kudumu. Kuzirundika zote kwenye ukurasa wa mwanzo ni uvivu, na Google huzihesabu kama kurasa zilizokufa. Uelekezaji huo udumishwe angalau mwaka 1.