Manowari Iliyotembea Nchi Kavu

Sisi tukaao kando ya ziwa la Naivasha tumezoea mashua za wavuvi na viboko, wala manowari hatuijui ila kwa kusimuliwa. Lakini msomaji akishuka Mombasa na kufika mbele ya Fort Jesus, ataona mizinga miwili ya zamani. Mmoja ulitoka katika Königsberg ya Wajerumani, na wa pili katika Pegasus ya Waingereza, manowari zilizokuwa maadui.

Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, nayo ilikuwa na mizinga 10. Vita vilipoanza ilikwenda baharini, ikaizamisha meli ya shehena City of Winchester. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaikuta Pegasus bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, ikaipiga hata ikazama. Kisha mitambo yake yenyewe ikaharibika, ndipo Kapteni Max Looff akaificha katika mikoko ya delta ya Rufiji.

Hapo ilianza kazi ambayo wasimulizi wengi huipita upesi. Vyombo vilivyovunjika havikuweza kutengenezwa msituni; ilibidi Waafrika wavikokote kwa mikono mpaka Dar es Salaam, kisha wavirudishe vivyo hivyo. Aliyepata kusukuma lori matopeni huko Kinangop wakati wa masika na afikiri, maana huko Rufiji hata barabara haikuwapo.

Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni kwa uchache wa maji. Wakaleta Severn na Mersey, zipitazo maji mafupi, pamoja na ndege za kuangalia shabaha. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikashindwa, na Wajerumani wakailipua wenyewe.

Manowari ilikufa, mizinga haikufa. Yote 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu Dar es Salaam, ikakokotwa bara. Mmoja uliharibiwa Kahe mwaka 1916. Mwingine ulipanda meli ya Ziwa Tanganyika, ile iliyoitwa baadaye Liemba. Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus, wakaipeleka vitani nchi kavu. Kwa hiyo pande zote mbili zilihitaji mabega ya watu wetu, na wapagazi wengi hawakurudi makwao. Kambi zao ndizo zilizoacha jina la Kariakor mjini Nairobi, na Kariakoo mjini Dar es Salaam.