Bibi Leontyne Price, Mwimbaji Aliyekataa Kuharakishwa

Tarehe 10 Februari, 1927, alizaliwa mtoto wa kike katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi, huko Marekani. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kupasua mbao. Mama yake alikuwa mkunga na mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Fedha zilikuwa chache, lakini mtoto alipotimiza miaka mitano wazazi waliitoa gramafoni yao iwe malipo ya kwanza ya piano. Baadaye akapelekwa kumsikia Bibi Marian Anderson, mwimbaji mweusi aliyesifika sana.

Alikusudia kuwa mwalimu wa muziki, akasoma huko Ohio. Sauti yake ilibadili shauri hilo. Mwaka 1948 Bwana Paul Robeson aliimba katika tamasha la kumchangia karo, naye akaingia chuo cha Juilliard, New York.

Opera ni mchezo ambao maneno huimbwa badala ya kusemwa, tena bila chombo cha kukuza sauti. Mwimbaji mmoja hana budi kusikika juu ya wapigaji ala makumi kadhaa. Bibi Price alikuwa na sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, nayo ilikuwa nzito na yenye joto. Hata hivyo, alipoonyeshwa katika televisheni mwaka 1955 akiimba Tosca, vituo kadhaa vya majimbo ya kusini vilikataa kuutangaza mchezo huo.

Mwaka 1958 Nyumba ya Opera ya Metropolitan, iliyo kubwa kuliko zote Marekani, ilimwalika aimbe Aida, binti mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa na kufanywa mtumwa Misri. Nani angekataa? Yeye alikataa. Bwana Peter Herman Adler, aliyekuwa mshauri wake, alimwonya asiingie katika nyumba ile kwa mara ya kwanza akiwa amevaa utumwa. Basi Aida huyo huyo akamwimba Vienna mwaka ule ule, na Milan mwaka 1960, mbele ya Waitaliano ambao si wepesi wa kusifu mgeni.

Tarehe 27 Januari, 1961, ndipo alipoingia Metropolitan, si kama mtumwa bali kama Leonora, bibi wa heshima katika Il Trovatore. Makofi na vifijo viliendelea kwa zaidi ya nusu saa. Mwaka 1966 nyumba hiyo ilipohamia jengo jipya, yeye ndiye aliyeifungua, akiimba Cleopatra katika opera iliyotungwa na Bwana Samuel Barber kwa ajili ya sauti yake.

Aliaga jukwaa la opera tarehe 3 Januari, 1985, katika nyumba ile ile. Safari hii alichagua mwenyewe kuwa Aida. Alipomaliza wimbo ambao binti yule huilalamikia nchi yake asiyotazamia kuiona tena, mchezo ukasimama. Watu wakapiga makofi kwa dakika kadhaa, naye akasimama kimya, asiondoke mahali pake, mpaka walipotulia.