Utangulizi: Kuvielewa Vitufe vya Piano ya Kidijitali

Anayeketi mbele ya piano ya kidijitali kwa mara ya kwanza hukuta vibao 88 vya kupigia, na juu yake safu ya vitufe asivyovijua. Wengi hukimbilia vile vinavyobadili sauti ya piano kuwa ogani au filimbi, vingine wakaviachia mafundi. Sisi tutaanzia kwenye kidole, kwa kuwa vitufe vyote viko pale kukitumikia.

Bartolomeo Cristofori, fundi Mwitaliano, alipounda piano mjini Florence karibu na mwaka 1700, alikipa kidole uwezo wa kuamua ukubwa wa sauti. Piano ya kidijitali haina nyuzi, ila imerithi kazi hiyo. Chini ya kila kibao mna vihisio, na mashine hupima muda unaopita tangu cha kwanza kiguswe hadi cha pili. Muda ukiwa mfupi, pigo limekuwa la nguvu. Katika MIDI, mfumo wa vyombo vya kidijitali kuwasiliana ulioanza mwaka 1983, nguvu hiyo huandikwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 127.

Hapo ndipo umuhimu wa kitufe cha mguso unapoonekana. Mguso mwepesi hutoa sauti kubwa kwa nguvu kidogo. Mzito hudai nguvu zaidi. Ukiufunga usibadilike, kila noti italia sawasawa hata upige vipi, na mwanafunzi atafanya mazoezi bila kujifunza kupiga kwa upole. Volyumu haiwezi kumwokoa: yenyewe hupandisha au kushusha noti zote kwa pamoja.

Kitufe cha transpozi kinajulikana sana kwa wapigaji wa kwaya. Wimbo umeandikwa Do ni G, lakini sauti ya kwanza wanashindwa kufika juu. Mpigaji anashusha transpozi nusu-hatua mbili, vidole vinabaki palepale alipozoea, na Do inasikika F. Ni msaada mkubwa, mradi akumbuke kuirudisha sifuri wimbo ukiisha; asipoirudisha, wimbo unaofuata atagongana na mpiga gitaa. Kitufe cha tuni nacho hufanya marekebisho madogo zaidi. Kwa kawaida A ya katikati hutetema mara 440 kwa sekunde, na tuni huisogeza kidogo ili ilingane na chombo kisichoweza kubadilishwa upesi.

Mwangwi huifanya sauti isikike kama iko ndani ya ukumbi. Unapendeza, lakini kwenye mazoezi hufunika makosa, hasa pedali ya kulia ikikanyagwa muda mrefu.

Basi kabla ya kuanza mazoezi, weka transpozi sifuri, mguso wa kati, mwangwi uzime. Kisha badilisha kitufe kimoja tu, rudia mstari uleule wa muziki, na usikilize kwa makini kilichobadilika. Sikio lako ndilo litakalokufundisha mengi kuliko kijitabu cha maelekezo.